Mzee wetu Munzihirwa, aliyebaki mjini

Kwa watu wa Bukavu mwezi wa kumi haufanani na miezi mingine. Tarehe 4 wanamkumbuka Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko. Tarehe 6 watu wa Lemera wanakumbuka wagonjwa waliouawa wakiwa wamelala hospitalini, mwaka 1996. Tarehe 29 ni siku ya Mzee Christophe Munzihirwa. Na mbele mwezi haujaisha, tarehe 31, ni zamu ya mafrateri wanne waliouawa katika kambi ya wakimbizi ya Bugobe. Mama mmoja akitaka kuwasha mshumaa kwa kila mmoja wao, mshumaa wa kwanza utakuwa umekwisha kuyeyuka zamani wakati anawasha wa mwisho.

Leo tutamkumbuka zaidi yule wa tarehe 29. Sababu ni moja. Mtoto aliyezaliwa ile siku Mzee aliuawa, leo ni mtu mzima, pengine ana mke na watoto wawili au watatu. Kwake Munzihirwa ni picha ukutani: uso wa mzee na msalaba kifuani. Amesikia jina, anajua kwamba aliuawa, basi. Ukimwuliza aliishi namna gani, alitoka wapi, alisoma nini, alipenda nini, anakuangalia tu. Na ninyi mlioko Kamituga, Lugushwa, Twangiza, Misisi au Nyabibwe, mliotoka Bukavu na Walungu kutafuta maisha penye mashimo, watoto wenu wanajua kidogo zaidi tena, kwani bibi na babu waliobaki na habari wako mbali.

Watu walimwita Mzee. Askofu ana majina makubwa ya heshima, lakini watu wa Bukavu walichagua hilo, lile ambalo mtoto anamwitia baba wa nyumbani. Kwa hiyo tunamwandika hapa kama vile familia inaandika habari za ndugu yake.

Mtoto wa Burhale

Alizaliwa mwaka 1926 kule Lukumbo, upande wa Burhale, katika teritware ya Walungu. Ni teritware ileile yenye machimbo ya zahabu ya Mukungwe, ambayo vijana wengi wanayajua leo kuliko wanavyojua parokia zake. Alikuwa Mushi, mtoto wa vilima vya migomba na ng'ombe.

Alipewa upadri tarehe 17 Agosti 1958, akiwa na miaka 32, kama padri wa jimbo la Bukavu. Miaka miwili kisha, inchi ikapata uhuru. Mambo ya siku zile yanajulikana: furaha, kisha fujo, kisha waaskari barabarani. Padri kijana angeweza kujitafutia nafasi nzuri, kwani mapadri waafrika walikuwa bado wachache na Kanisa lilikuwa linawahitaji kila mahali.

Yeye alifanya nini? Mwaka 1963 aliomba kuingia katika shirika la Wayezuiti. Vijana, mnaelewa maana yake? Mtu wa miaka 37, padri tayari, amekwisha kubatiza na kufungisha ndoa, anarudi kuwa novisi. Anakaa pamoja na vijana wadogo, anapewa kazi ya kufagia, anaomba ruhusa mbele ya kutoka. Kwangu mimi hapa ndipo mtu huyu anaanza kuonekana vizuri, hata kuliko siku ya kifo chake. Kufa kishujaa ni jambo la saa moja. Kukubali kuanza upya chini, wakati unaitwa tayari mkubwa, hilo ni jambo la kila asubuhi.

Wayezuiti walimtuma Ubelgiji, kwenye universite ya Louvain, akasomea mambo ya jamii na uchumi. Kwa hiyo Mzee, zaidi ya kujua kusali na kuhubiri, alijifunza namna franga zinavyotembea katika inchi, nani anazipata na nani anazikosa. Alirudi mwaka 1969.

Padri aliyetaka kuwa askari

Kuna habari moja ya Kinshasa ambayo vijana wanapaswa kuisikia, kwani inawahusu.

Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa universite ya Lovanium walitembea barabarani wakidai haki zao. Waaskari wa Mobutu waliwapiga risasi, wengi wakafa. Serikali haikutaka watu wawalilie. Lakini wanafunzi hawakusahau. Tarehe 4 Juni 1971, miaka miwili kamili, walifanya ibada ya kuwakumbuka wenzao. Kulia wafu tu, jambo ambalo hata mtu maskini kabisa kijijini hakatazwi. Mobutu alikasirika. Akafunga Lovanium, na wanafunzi wakapelekwa jeshini kwa nguvu, wakanyolewa, wakavalishwa nguo za kiaskari.

Padri Munzihirwa alikuwa Kinshasa wakati ule, akishughulika na vijana wa universite. Hakuna aliyemlazimisha kitu. Umri wake ulikuwa miaka 45. Yeye mwenyewe alisema: kama mnawachukua wale watoto, mnichukue na mimi. Akasimama kabisa juu ya neno lake, akaandikishwa pamoja nao.

Baba na mama mnaosoma, mnajua vile mtoto anavyoona haya wakati mzazi anamfuata shuleni. Lakini nadhani wale wanafunzi hawakuona haya. Kule kambini, wakati wa kukimbizwa asubuhi na mapema na kutukanwa, walikuwa na mtu mzima mmoja aliyekuja kwa mapenzi yake.

Ona pia kosa lao lilikuwa nini. Walikuwa wanakumbuka wafu. Mkubwa anayeogopa hata kaburi anajua sababu ya kuogopa.

Maniema

Toka mwaka 1980 hadi 1986 aliongoza Wayezuiti wote wa Afrika ya Kati, maana yake Zaire, Rwanda na Burundi. Sitakaa sana hapo. Ni miaka ya safari, ya barua na ya mikutano.

Mwaka 1986 alitumwa Kasongo, katika Maniema, awe askofu msaidizi mwenye kurithi kiti, na mwaka 1990 akawa askofu wa Kasongo kabisa. Wasomaji wetu wa migodini wanaijua Maniema: inchi ya kasiteriti, ya mto Lualaba, ya barabara ambazo motokari inalala ndani ya matope siku tatu. Mwaka 1976 makampuni ya zamani ya migodi ya Kivu na Maniema yalikuwa yameunganishwa kuwa Sominki. Ilikuwa na kambi za wafanyakazi, hospitali, mashule, kantini. Wazee wa Kamituga na Kalima bado wanazungumza juu ya siku za Sominki kama watu wanaozungumza juu ya ujana wao. Lakini mwezi wa kumi wa mwaka 1985 bei ya bati ilianguka duniani kote, na toka hapo kampuni haikusimama tena vizuri. Kazi zikapungua, mishahara ikachelewa, baba wa familia wakaanza kuchimba kwa mikono yao.

Basi Munzihirwa alifika Maniema mwaka mmoja tu kisha ule mwanguko. Askofu aliyesomea uchumi, katika inchi ambayo uchumi wake ulikuwa unakufa mbele ya macho. Alipoongea baadaye juu ya maskini, hakuwa anaongea mambo aliyoyasoma katika kitabu.

Miaka miwili na nusu ya Bukavu

Mwisho wa mwaka 1993 alipewa kulinda jimbo kuu la Bukavu, na tarehe 14 Machi 1994 akatajwa Askofu Mkuu. Hesabu siku: tarehe 6 Aprili ndege ya rais wa Rwanda iliangushwa, siku 23 tu kisha kutajwa kwake. Ng'ambo ya Ruzizi mauaji ya kimbari ya Watutsi yakaanza. Mwezi wa saba wakimbizi wakaanza kuvuka daraja kuingia Bukavu.

Waliokuwepo hawawezi kusahau. Watu walilala kwenye viwanja vya makanisa, katika mashule, pembeni ya barabara, chini ya miti ya shule. Miti yenyewe ilikatwa kwa kupikia. Walikuwa laki na laki. Halafu wakapangwa makambini: Inera na Kashusha upande wa Kavumu, Panzi, na mengine upande wa Walungu. Mji ambao ulikuwa na shida yake yenyewe, franga isiyokuwa na thamani, waaskari wasiolipwa, ukalazimika kugawana maji na kuni na watu wengi kama wenyeji.

Hapa tuseme ukweli wote, kwani habari ya ndugu isiyosema ukweli si habari. Kati ya wale wakimbizi walikuwamo watu waliomwaga damu, na walikuwamo wenye bunduki. Walikuwamo pia wamama wasiojua chochote, wazee, na watoto waliozaliwa njiani. Munzihirwa alikataa kuwatia wote katika mfuko mmoja. Alisema wenye makosa wahukumiwe, na wasio na makosa walindwe, warudi kwao katika usalama. Aliandika barua kwa wakubwa wa mataifa akiomba hayo. Wako waliomlaumu kwamba anawatetea wauaji. Wengine, hapahapa kwetu, walimlaumu kwamba hasemi vya kutosha kuwafukuza wageni. Alisema kwa nguvu pia dhidi ya waaskari wa Mobutu waliokuwa wanapora watu. Mtu wa namna hiyo anabaki bila upande, na mtu asiye na upande wakati wa vita hana wa kumficha.

Alizoea kusema kwamba kuna mambo ambayo ni macho yaliyokwisha kulia tu yanaweza kuyaona vizuri. Neno hilo watu wa Bukavu wamelishika mpaka leo.

Mwaka 1996 chuki ilipanda. Tarehe 7 Oktoba naibu wa gavana aliwaamuru Banyamulenge waondoke katika inchi kwa muda wa siku saba. Katika miezi ile vijana wengi walikuwa wanatembea wakitafuta nani wa kupiga. Vita ikaja kutoka upande wa Uvira, mji ukaanguka karibu na tarehe 25. Bukavu ikabaki inangojea.

Ile tarehe 29

Wakubwa wa serikali walikimbia. Waaskari wa Zaire walipora madukani na manyumbani, kisha nao wakachukua barabara. Watu wakafunga vitu vyao ndani ya kitenge, wakabeba magodoro kichwani, wakaelekea Kavumu, Walungu, porini.

Mzee alikuwa na miaka 70. Alikuwa na motokari. Angeweza kuondoka, na hakuna ambaye angemlaumu. Alibaki. Katika siku zile za mwisho alifanya kazi ambayo si ya askofu: kukutana na waliobaki ili mji usiwe bila kichwa, kuongea na waaskari wasipore, kutuma habari nje kwa radio kwamba watu wanakufa. Katika ujumbe wake wa mwisho aliwaomba watu wasimame imara katika imani, wasichukiane kwa sababu ya kabila, na alitumaini kwamba kutoka upande fulani wa dunia mwanga kidogo utawaangazia.

Tarehe 29 Oktoba, motokari yake ilisimamishwa Nyawera na waaskari waliokuwa wanaingia mjini. Alishuka akiwa ameshika msalaba wake mkononi. Walimpiga risasi palepale. Wenzake wawili waliokuwa naye waliuawa pia.

Mwili wake ulibaki barabarani. Usiku kucha, na siku iliyofuata. Risasi zilikuwa zinalia, na kila mtu alijifungia nyumbani. Mwishoe waseminari wa shirika la Wasaveri walitoka, wakaenda kumchukua. Hawakuwa na ruhusa ya mtu. Walikuwa vijana, umri wa wengi wenu mnaosoma. Mzee alizikwa penye katedrali ya Bukavu bila fahari, wakati watu wengi aliowapenda walikuwa bado porini na hawakujua hata kwamba amekufa. Kwa familia nyingi habari ilifika siku nyingi kisha mazishi, na kilio kikaanza kule walikokuwa, kando ya barabara.

Hadi leo hakuna aliyehukumiwa kwa kifo hicho.

Juu ya kumchukua mtu wenu

Nataka kusimama kidogo juu ya wale waseminari, kwani sisi wa migodini tunaelewa jambo hilo kuliko watu wa mji.

Tarehe 11 Septemba 2020, kule Kamituga, mahali panapoitwa Detroit, mvua kubwa ilijaza maji katika mashimo ya zahabu. Watu zaidi ya 50 walibaki ndani. Wenzao walichimba kwa mapauro na kwa mikono, si kwa kutafuta zahabu. Walitafuta miili. Hakuna aliyewalipa. Kwetu mtu hawezi kuachwa hivihivi chini ya udongo au barabarani, hata kama kumchukua kunaweza kukuua. Lakini wako waliobaki katika mashimo ya inchi hii na hawakutolewa kamwe, na wake zao hawajui waweke wapi maua.

Mke wa namna hiyo anakumbuka namna gani? Hilo ni swali gumu, na sitaki kulijibu kwa haraka. Nimeona tu kwamba familia isiyo na kaburi inahitaji zaidi maneno. Na maneno ndiyo tunayoyakosa. Angalia vilio vyetu vya siku hizi katika Bukavu. Tunakodi viti, tunakodi hema na sono, tunashona kitenge cha namna moja kwa familia nzima, tunapika ng'ombe, tunanunua kasha na kasha za pombe. Deni linabaki miaka miwili. Lakini wakati wa kusimulia maisha ya marehemu unafika, na anasimama kijana na karatasi moja: alizaliwa, alioa, aliacha watoto saba. Dakika tatu. Kisha muziki. Mtu aliyeishi miaka 60 anaondoka na dakika tatu!

Sisemi watu wasile. Mgeni aliyetoka Shabunda kwa miguu anapaswa kula. Ninasema, kwa kipimo kilekile tunachotumia kwa nyama, tutumie na kwa kumbukumbu. Mbele ya kilio kuisha, wakati wajomba, mashangazi na rafiki wa zamani wako wote pamoja (na hawatakuwa pamoja tena mpaka kifo kingine), kijana anayejua kuandika achukue kaye. Aulize: alipokuwa mtoto alikuwa namna gani? Alifika mgodini mwaka gani, na nani alimleta? Alipoteza nini katika vita? Alipenda wimbo gani? Alikuwa na hasira ya namna gani? Rafiki yake wa kweli alikuwa nani? Leo simu za vijana wengi zinaweza kushika sauti. Mbibi wa miaka 80 anaweza kusimulia kwa Kishi au Kilega, na sauti yake ikabaki. Majina yaandikwe vizuri, na tarehe, na mahali. Kaye hiyo ikae kwa mtu mmoja anayejulikana, mtoto wa kwanza au yule mwenye utaratibu, kwani kila familia inaye mmoja.

Na msiandike mazuri peke yake. Wajukuu wakisoma kwamba babu hakukosa kamwe, hawataamini na yale mengine.

Yule aliyemfuata

Baada ya Munzihirwa kiti kilibaki wazi miezi michache. Mwezi wa tatu mwaka 1997 akatajwa Emmanuel Kataliko, Munande, askofu wa Butembo-Beni toka mwaka 1966. Alikuwa na zaidi ya miaka 60, na kwake alipendwa. Alijua anaketi juu ya kiti cha nani.

Watu wa migodini wanapaswa kulijua jina lake kwa sababu ya barua yake ya Noeli ya mwaka 1999. Wakati ule Bukavu ilikuwa chini ya RCD, toka mwezi wa nane mwaka 1998. Kataliko aliandika wazi kwamba mamlaka za kigeni, pamoja na ndugu fulani wakongomani, zinafanya vita kwa kutumia mali ya inchi yetu wenyewe. Mali ambayo ingejenga mashule na kutunza wagonjwa inatumika kuua. Hakuwasahau wenyeji pia: alilia juu ya namna pesa imekuwa mungu, na mtu anamwuza ndugu yake. Kumbukeni mwaka uliofuata ulikuwa mwaka gani. Bei ya koltani ilipanda juu sana mwaka 2000, wakulima wakaacha mashamba, waalimu wakaacha mashule, kila mtu akaelekea machimboni. Mwaka 2001 bei ikaanguka, na wengi wakarudi bila koltani wala mihogo. Mwezi wa nne wa mwaka huohuo wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walitoa taarifa yao juu ya uporaji wa mali ya Kongo. Yale Kataliko aliyoandika Noeli ya 1999 yalikuwamo, na tarakimu zake.

Tarehe 12 Februari 2000 walimzuia kuishi Bukavu, wakamfukuzia Butembo. Makanisa na mashule ya Bukavu yalifungwa kwa kulalamika. Miezi saba watu waliomba arudi. Alirudi tarehe 14 Septemba, na mji mzima ulitoka kumpokea. Siku 20 tu! Tarehe 4 Oktoba alikufa kwa ghafla karibu na Roma, alikokwenda kwa mkutano wa maaskofu. Naye amezikwa Bukavu, mbali na Butembo ya kwao.

Kukimbia na kubaki

Toka 1996 Bukavu imejua mara nyingi asubuhi ya namna ileile. Mwezi wa nane 1998. Mwezi wa sita 2004, wakati waaskari wa Nkunda na Mutebutsi waliuchukua mji. Na katikati ya Februari 2025, M23 ilipoingia. Kila mara swali ni lilelile katika nyumba: tukimbie ao tubaki? Na kila mara mtu fulani anataja jina la Munzihirwa.

Tutaje jina hilo kwa uangalifu. Mama mwenye watoto wanne aliyebeba godoro kwenda Walungu hakufanya dhambi, wala hakukosa imani. Mzee mwenyewe alikuwa hana mtoto wa kubeba. Alikuwa na kundi, na kundi lile halikuwa na mahali pa kukimbilia lote. Kama mkubwa wa mji anakimbia wa kwanza akiwa na motokari, hiyo ni hesabu nyingine.

Wako waliokuwa kama yeye ambao tunawataja kidogo. Mafrateri wanne Wamarist, Servando Mayor, Miguel Ángel Isla, Fernando de la Fuente na Julio Rodríguez, wote wahispania, walikuwa wanaishi pamoja na wakimbizi katika kambi ya Bugobe. Wakati kambi ilikuwa inakimbia walikuwa na nafasi ya kuondoka, na waliombwa waondoke. Wakajibu kwamba hawawezi kuwaacha wasio na mtu mwingine. Waliuawa tarehe 31 Oktoba 1996, siku mbili kisha Mzee, na miili yao ikatupwa katika shimo la uchafu. Waliotolewa humo walizikwa Nyangezi.

Na wale wawili waliokuwa katika motokari pamoja na Mzee, pale Nyawera. Vitabu vinaandika jina lake kwa herufi kubwa, na wao wanaandikwa «wenzake». Bila shaka nyumbani kwao wanaitwa kwa majina yao, na tarehe 29 kwao si sikukuu ya Askofu. Padri akisoma nia za misa siku ile, aweke na wao.

Kwa familia itakayofika Bukavu wakati wa vakansi, kama njia ni salama: anzeni katedrali asubuhi, kabla ya joto, yalipo makaburi ya Mzee na ya Kataliko. Kisha Nyawera, kwa miguu mnafika. Ni mahali pa soko na mataksi, watu wanauza ndizi na samaki kama kila siku, na watoto watawauliza ilikuwa wapi hasa. Mwulizeni mama mzee mmoja wa pale kwa heshima, si yule aliye na haraka ya kuuza. Mkiwa na siku ya pili, Nyangezi iko kwenye njia ya Uvira, si mbali, mtarudi mbele ya giza. Bebeni maji. Na mmoja wenu abebe kaye.